MTOTO WA SHABA NA LUGHA YA QUR'AN

Khutba ya Ijumaa. Kwa wazazi, maustadhi na wanafunzi wa madrasa

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu, Aliyempa mwanadamu ulimi wa kusemea na akili ya kufahamia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Allah! Nakuusieni nyinyi, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, kumcha Allah kwa siri na kwa dhahiri. Tujue kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Na watoto wetu ni amana.

Ndugu Waislamu, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Nimefundisha madrasa hapa Kolwezi kwa miaka mingi. Katika wanafunzi wangu alikuwako kijana wa miaka kama 11 aliyehifadhi Surat al-Kahf yote, aya 110. Siku moja tuliwaita wazazi waje kuwasikiliza watoto wao. Kijana yule akasoma, na sauti yake ilikuwa nzuri. Alipomaliza, baba yake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba, akamuuliza mbele ya watu: "Mwanangu, umetusomea nini?" Mtoto akanitazama mimi, akatazama chini, akajibu: "Sijui, baba. Ni mambo ya Waarabu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Haikupita miezi mingi, kijana akaacha kuja. Nilipouliza nikaambiwa yuko mtoni, anaosha mawe ya madini kwa malipo ya siku. Nikasema, "Maisha ni magumu," nikaendelea na waliobaki. Sikumfuata.

Ndugu zangu, mnajua mtoto yule alikuwa amesoma nini? Katika aya ya 96 ya sura ile, Allah anatusimulia habari za Dhul-Qarnayn alipojenga kizuizi baina ya watu dhaifu na Yaajuj na Maajuj. Aliomba aletewe vipande vya chuma, akaamrisha moto uvuviwe mpaka chuma kikawa chekundu kama moto wenyewe, kisha akamimina juu yake kitu kinachoitwa qitr, ambacho wengi katika wafasiri wamesema ni shaba iliyoyeyushwa. Shaba! Neno lilelile limekuja tena katika Surat Saba, aya ya 12, pale Allah alipomtiririshia Nabii Sulayman (A.S.) chemchemi ya shaba. Kazi iliyokuwa ikimchoma mikono baba yake kila siku ilikuwamo kinywani mwa mtoto, na wala baba hakujua, wala mtoto hakujua. Aliyekuwa akijua ni mimi, na mimi sikusema. Nilimfundisha matamshi, nikamfundisha kuhifadhi, nikamnyima maana. Akaondoka huku akidhani kwamba Kitabu cha Mola wake ni mambo ya watu wengine.

Basi maneno ya leo ni haya: mtoto hajifunzi lugha ya Qur'an kwa kumwagiwa maneno kama maji ndani ya pipa. Hujifunza kwa kujenga, na hujenga juu ya kile alicho nacho tayari.

Enyi Waislamu! Allah ametuambia katika Surat Yusuf, aya ya 2, kwamba Qur'an imeteremshwa kwa Kiarabu ili watu wapate kufahamu. Sababu iliyotajwa hapo ni ufahamu. Na katika Surat Ibrahim, aya ya 4, ametujulisha kwamba kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Ikiwa Mitume walianza pale watu wao walipo, sisi maustadhi ni nani hata tuanze pale ambapo mtoto hayupo?

Wataalamu wa elimu wa karne iliyopita walilichunguza jambo hili. Jean Piaget wa Uswisi (1896-1980) alitumia miaka mingi kuwatazama watoto wakifikiri, akaona kwamba mtoto si chombo kitupu: kila jambo jipya hulipima kwa lile analolijua, na likigongana nalo hulazimika kuyapanga upya mawazo yake. Lev Vygotsky wa Urusi (1896-1934) akaonyesha kwamba mtoto hujenga pamoja na wenzake, na kwamba lile analoliweza leo kwa kushikwa mkono, kesho ataliweza peke yake. Wataalamu huita njia hii konstruktivizimu, yaani elimu ya kujenga maarifa.

Atasema msemaji: haya si mambo ya Wazungu yanayoletwa msikitini? Namjibu: kipaza sauti pia hakikutoka Makka, na adhana tunaitoa humo. Lakini zaidi ya hayo, tumtazame Mtume wetu (S.A.W.) alivyofundisha.

Siku moja aliwauliza Masahaba habari ya mti mmoja usiopukutisha majani, ulio mfano wa Muislamu, akawaacha wafikiri. Watu wakaenda na miti ya jangwani. Abdullah bin Umar (R.A.), aliyekuwa mdogo kuliko wote pale, likamjia moyoni kwamba ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Mtume (S.A.W.) ndipo akawaambia kuwa ni mtende. Na baba yake, Umar (R.A.), alipopata habari, alitamani lau mwanawe angalisema. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Tazameni! Mwalimu alikuwa na jibu, na akaanza na swali. Na swali lenyewe lilihusu mti walioujua wote. Sasa jiulizeni: katika madrasa zetu, mtoto mdogo mwenye jibu moyoni anapewa nafasi ya kulisema?

Na yule mtu aliyeswali haraka haraka mbele ya Mtume (S.A.W.), alirudishwa aswali tena, mara tatu, mpaka yeye mwenyewe akasema kwamba hajui zaidi ya hivyo, akaomba afundishwe. Ndipo akafundishwa. Moyo ulipofunguka kwa haja, elimu ikaingia. Na Muawiya bin al-Hakam (R.A.) alipozungumza ndani ya swala kwa kutojua, watu wakamkodolea macho, lakini Mtume (S.A.W.) hakumkemea wala hakumpiga. Alimweleza tu. Na Sahaba yule alishuhudia kwamba hakuwahi kuona mwalimu bora kuliko yeye, kabla wala baada yake. Nasi bakora zetu ziko wapi? Ziko juu ya meza, karibu zaidi kuliko kitabu.

Na Masahaba walihifadhi kwa namna gani? Imepokewa kutoka kwa wanafunzi wao, akina Abu Abdirrahman as-Sulami, kwamba walikuwa wakichukua aya kumi, wala hawazipiti mpaka wajue maana yake na namna ya kuzitenda. Hifdhi, fahamu na amali vilikwenda pamoja, kama mawe matatu ya jiko. Ondoa moja, chungu kinaanguka.

Ndugu zangu, mfano mwingine uko hapahapa kwetu. Kiswahili hiki tunachosema katika mashimo, sokoni na msikitini, wazee wetu walikipata wapi? Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na makambi yake yakajaa watu kutoka kila upande: Waluba, Walunda, Wasanga, Wachokwe, Wabemba, watu wa Kasai, wa Maniema na hata wa Rwanda na Burundi. Kila mmoja na lugha ya mama yake. Wengi wao hawakukaa darasani kujifunza sarufi. Walijifunza kwa sababu mtu alitaka kuomba maji, kuitana kazini, kununua samaki wa kulia bukari, kumpa pole aliyefiwa. Alisema vibaya, akasahihishwa na jirani, akasema tena. Hivyo ndivyo lugha moja ilivyojengwa na watu wa makabila mengi. Basi yule aliyejenga Kiswahili chake kambini bila ya bakora, kwa nini mjukuu wake ashindwe kujenga Kiarabu chake madrasani?

Na mjukuu huyo haanzi na mikono mitupu. Anayo hazina kubwa ulimini mwake wala hajui, kama mtu anayelala njaa juu ya ardhi yenye madini. Neno hilo lenyewe, madini, ni la Kiarabu: ma'din. Hata neno shaba, lililokuwa jina la jimbo letu zima tangu 1971 hadi 1997, wataalamu wa lugha hulirudisha kwenye neno la Kiarabu shabah, yaani shaba ya manjano, iliyoitwa hivyo kwa kufanana kwake na dhahabu. Na dhahabu nayo ni neno la Kiarabu. Kitabu, kalamu, saa, dakika, samaki, sukari, dawa, rafiki, habari, safari, sita, saba, tisa: yote haya mtoto wa Kolwezi huyatumia kabla hajaijua alifu.

Chukueni Surat al-Asr, ambayo karibu kila mtoto ameihifadhi. Ustadhi asianze kwa kutafsiri. Aisome polepole, kisha aulize: nani amesikia neno analolijua? Mmoja atasema: nimesikia asr, ni kama alasiri. Mwingine: khusr, ni kama hasara. Mwingine: haqq, ni haki. Mwingine: sabr, ni subira. Wa tano ataona kuamini ndani ya aamanu. Na mkubwa wao, akisaidiwa kidogo, ataona ndani ya tawasaw neno la usia, lile nililoanza nalo khutba hii niliposema nakuusieni. Sura ya aya tatu, na watoto wamekwisha kuokota maneno sita kwa mikono yao wenyewe!

Kisha awaulize: hasara ni nini? Mtoto wa Kolwezi atajibu upesi. Hasara ni kaka yangu aliyechimba mwezi mzima, akakopa chakula na tochi, na shimo halikutoa kitu. Basi ustadhi amwambie: Mola wako anakuonya kwamba mtu anaweza kuuchimba umri wake wote namna hiyohiyo, isipokuwa wenye mambo manne: imani, matendo mema, kuusiana haki na kuusiana subira. Wallahi, mtoto aliyeelewa hivyo hatasema tena kuwa ni mambo ya Waarabu.

Na sarufi vilevile. Watoto wetu wanajua kwamba katika chimba mna mchimbaji, machimbo na uchimbaji. Neno moja limezaa maneno mengi. Ustadhi aandike ubaoni kitabu, katibu na maktaba, awaulize kuna nini kinachorudi katika yote matatu. Wataona wenyewe: kaf, ta, ba. Wamekwisha kugundua shina la neno, jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi. Kisha wataona tofauti: Kiswahili huongeza mbele na nyuma, Kiarabu hubadilisha ndani.

Na mtoto akisema wingi wa kitab ni vitab, msimcheke. Si ujinga. Ametumia kanuni ya kiti na viti, kama walivyofanya wazee wa Kiswahili walipolipokea neno lenyewe. Kosa lake linakuonyesha mahali alipofika katika ujenzi wake. Mwambie: umefikiri vizuri, ila Waarabu wanasema kutub, tutafute maneno mengine yanayokwenda hivyo. Kosa la mwanafunzi ni taa ya mwalimu.

Nasema kauli yangu hii, na namuomba Allah msamaha kwa ajili yangu na yenu. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wa mwisho.

Enyi waja wa Allah! Kila daraja lina mahali pa kuteleza, na si uaminifu kuyaacha hayo bila kuyataja.

Kwanza, maneno tuliyorithi mengine yamebadilika maana. Katika al-Fatiha tunasoma kwamba Allah ni Mfalme wa siku ya din. Mtoto atasema: dini, naijua! Lakini hapo maana yake ni malipo na hesabu. Hadithi kwa Kiswahili yaweza kuwa kisa cha sungura, na kwa wanavyuoni ni maneno, vitendo na idhini za Mtume (S.A.W.). Kwa hiyo mtoto abashiri, lakini mwalimu aliyesoma awepo kupima. Kubashiri peke yake katika Qur'an ni hatari, wala hakuna ruhusa kwa yeyote kujitungia tafsiri.

Pili, matamshi hayabuniwi. Ulimi wetu hauna tofauti ya qaf na kaf, na mtu akizembea, qalb, yaani moyo, hugeuka kalb, yaani mbwa. Kisomo kimepokewa mdomo kwa mdomo, kutoka kwa Jibril (A.S.) hadi kwa Mtume (S.A.W.), hadi kwa Masahaba, hadi kwetu. Hapo mwanafunzi husikiliza na kufuata. Na hifdhi ibaki pale pale, sikusema iondolewe. Nimesema isiachwe yatima.

Sasa tufanye nini?

Maustadhi, ndugu zangu, katika kila somo tengeni robo saa ya maswali. Anzeni na maneno ambayo watoto wanayo. Waketisheni wawili wawili, mkubwa na mdogo, maana anayemfundisha mwenzake hujifunza mara mbili. Wapeni Kiarabu cha kutumia: kusalimiana, kuomba ruhusa, kuhesabu viatu mlangoni, kutaja nyumba, maji, mto, mlima na shaba, kabla ya ngamia ambaye hawajamwona. Zayd bin Thabit (R.A.) alipoagizwa na Mtume (S.A.W.) ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa ajili ya barua, aliyaweza katika nusu mwezi, kama alivyopokea Tirmidhi. Alikuwa na akili, na alikuwa na kazi ya kuifanya kwa lugha ile. Lugha isiyo na kazi hulala.

Wazazi, msiulize tu, "Umefika juzuu ya ngapi?" Ulizeni jioni, "Leo umefahamu nini? Nifundishe na mimi." Baba asiyejua Kiarabu asione haya. Mama anayerudi sokoni amwambie bintiye amsomee, amueleze neno moja. Mtoto anayewafundisha wazazi wake haachi madrasa kwa urahisi. Wala msiseme elimu ya maana ni ya wavulana peke yao. Mama Aisha (R.A.) aliwafundisha wanaume wakubwa.

Na sisi jamaa ya msikiti tukumbuke kwamba njaa nayo ni mwalimu mkali. Tangu mwaka 2014, madini yalipoonekana chini ya nyumba za Kasulo, tumeona watu wakichimba hata ndani ya viwanja vyao, na watoto wakibeba magunia na kuosha mawe. Tusimlaumu mtoto kwa umaskini wa nyumba yake. Zaka na sadaka zimfikie mzazi ili mtoto aache gunia, lakini akirudi madrasani akute kitu kinachostahili kurudiwa. Tukimrudisha kwenye bakora na maneno asiyoyafahamu, tumemtoa shimo moja tukamtia jingine.

Ama yule kijana, nilimtafuta baadaye. Amekuwa mtu mzima sasa. Nilimkuta kando ya barabara na wenzake, nikamsalimu, nikamuomba radhi, nikamsimulia habari ya Dhul-Qarnayn na shaba yake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaanza kuisoma aya ile taratibu, na hakuwa ameisahau hata herufi moja. Alipofika kwenye neno qitr akasimama, akasema: "Ustadhi, na baba angejua hili." Baba yake alikuwa amekwisha kufariki.

Ndugu Waislamu, wako watoto wengine ambao baba zao wangali hai. Tuwahi.

Ewe Mola wetu, tufahamishe Kitabu chako, na usitujaalie kuwa wabebaji wa maneno tusiyoyajua. Ewe Mola, wahifadhi watoto wetu mashimoni, mitoni na njiani, na uwarudishe salama majumbani mwao. Wape maustadhi wetu subira na upole, na uwafungulie wazazi riziki ya halali. Warehemu waliotutangulia, waliozikwa na waliofukiwa ardhini kabla hawajafikiwa. Ipe amani nchi yetu ya Kongo, mashariki yake na pande zake zote. Tusamehe sisi tuliofundisha vibaya, na ujaalie tunayoyarekebisha leo yawe kafara ya jana yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina jina la Allah na majina ya sura za Kitabu chake. Tafadhali usiitupe ovyo wala kufungia vitu. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.)